Treni ya serikali, jicho la serikali: mwalimu wa Chake Chake anauliza

*Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake. Hivi karibuni nilikwenda Dodoma kumtazama binti yangu: boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Dar es Salaam, kisha treni ya umeme. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda treni. Niliporudi nikahadithia barazani, ukazuka ubishi ambao haujaisha mpaka leo. Mjomba wangu anasema serikali haiwezi biashara, treni wapewe matajiri waziendeshe. Jirani yetu anasema reli ni mali ya serikali na iachiwe serikali. Langu mimi ni hili: aliyeniuzia tiketi ni shirika la serikali, na anayelikagua shirika hilo ni mamlaka ya serikali. Serikali inajisimamia vipi yenyewe? Tena nasikia Unguja palikuwa na treni ya Bububu. Ilikuwa ya nani, na nani aliiua? La mwisho ni la kitoto: nilirudi na mjukuu wangu wa miaka mitatu na nusu, na kwenye treni hakulipiwa nauli. Nilivunja sheria?*

Marahaba, mwalimu. Mjomba wako na jirani yako wanagombania suala la pili na la kwanza hawajalijibu. Wao wanabishana treni iwe ya nani. Wewe umeuliza nani anayeitazama, na hilo ndilo linaloamua kama abiria atafika mzima, kwa nauli ya haki, na kwa saa aliyoahidiwa. Nimekula chumvi nyingi katika ukaguzi wa vyombo vya usafiri, vya baharini zaidi lakini na vya reli pia. Nimeona chombo cha serikali kikikaguliwa mpaka msumari wa mwisho, na cha mtu binafsi kikiachwa kijiendee. Nimeona na kinyume chake.

Tuanzie hapa nyumbani, maana katika safari yako umepita bandari ya Malindi. Pale gatini MV Mapinduzi II ni meli ya serikali, imeletwa 2015, ina nafasi ya abiria 1,200. Boti za mwendo kasi zinazofunga jirani yake ni za watu binafsi. Mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2009, anatakiwa azipande zote mbili na karatasi ile ile mkononi: majaketi ya kuokolea mangapi, vyombo vya kuokolea viko wapi, hati ya ubora inaisha lini, watu wangapi wameshaingia. Kwa hiyo serikali kuikagua serikali si jambo la ajabu la bara, tunalo mlangoni kwetu.

Na bei ya kulilegeza tunaijua. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea kwenu Pemba, imepakia watu wengi mno kuliko ilivyoruhusiwa. Haikupita mwaka, 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mpemba hahitaji kuhadithiwa habari hizo, kila mtaa una jina la mtu. Ninachotaka mjomba wako akitazame ni kwamba Spice Islander ilikuwa chombo cha watu binafsi. Sheria ilikuwepo, mamlaka ilikuwepo, na wale abiria walipakiwa gatini mbele ya macho ya watu, si kwa siri. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema "chombo hiki hakiondoki", na kweli kisiondoke.

Huyo mtu mmoja ndiye ninayemtafuta kila ninaposoma sheria yoyote ya usafiri, iwe ya majahazi au ya treni.

Sasa twende bara. Asubuhi ya 24 Juni 2002, treni ya abiria ya reli ya kati ilikuwa ikipanda mlima maeneo ya Igandu, mkoa wa Dodoma. Breki zikashindwa, treni ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi, ikaenda kuigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Walikufa watu 281. Ni miongoni mwa ajali mbaya kabisa za reli zilizowahi kutokea Afrika. Wakati ule shirika la reli lilikuwa na njia, lina vichwa, lina mabehewa, na lilijikagua lenyewe. Sheria ya kuunda msimamizi wa nje, SUMATRA, ilikwishapitishwa 2001, lakini mamlaka yenyewe ilikuja kuanza kazi 2004.

Nataka uelewe breki ya treni, maana ukiielewa hiyo umeelewa usimamizi wote. Treni haina breki kama ya gari. Bomba moja la upepo linatoka kwenye kichwa na kupita chini ya kila behewa mpaka la mwisho. Baina ya behewa na behewa pana mpira wa kuunganisha, na kila upande wa mpira pana koki ya kufungua na kufunga. Dereva akitaka kusimama huupunguza upepo ndani ya bomba, na kule kupungua ndiko kunakozifanya breki za kila behewa ziume. Sasa fikiria koki moja, katikati ya treni, imesahaulika imefungwa. Dereva aliyeko mbele anaangalia geji yake, mshale umekaa pale pale unapotakiwa. Kumbe mabehewa yote yaliyo nyuma ya koki ile hayasikii chochote, yanavutwa tu.

Sisemi hilo ndilo lililotokea Igandu. Nasema dawa yake ni moja, nayo haina teknolojia ya ajabu: fundi ashuke, atembee kwa miguu mpaka behewa la mwisho, ainame, dereva apewe ishara avute breki, fundi aone kwa macho yake chuma kikiuma gurudumu, kisha dereva aachie, fundi aone chuma kikibanduka. Nimekwenda na mafundi katika matembezi hayo. Kokoto zinateleza chini ya viatu, jua la utosi, abiria wamechungulia madirishani wanauliza "tunaondoka lini?" Treni ya mabehewa kumi na tano au ishirini ni mwendo wa maana, kwenda na kurudi. Treni imeshachelewa saa mbili, bwana stesheni anapiga simu. Mtu anayelipwa mshahara na mwenye treni, katika hali hiyo, anashawishika kufika behewa la kumi, akaangalia kule mbele kwa mbali, akapunga mkono: sawa, twende.

Kwa hiyo anahitajika mwengine ambaye treni ikichelewa hapungukiwi kitu. Asiyemjua bwana stesheni, asiyengoja kupandishwa cheo na meneja wa usafirishaji. Si lazima awe malaika, inatosha kwamba hana faida katika kuharakisha. Mwalimu anayetahini watoto wake mwenyewe unamjua. Hata akiwa mwadilifu, wizara haimwachii mtihani wa taifa.

Kwa bara sasa mtu huyo anakaa LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Iliundwa kwa sheria ya 2019 na ikachukua nafasi ya SUMATRA tokea 29 Aprili mwaka huo. Anayeendesha ni TRC, Shirika la Reli Tanzania, ambalo Sheria ya Reli ya 2017 ililirudisha baada ya kuunganisha tena kampuni mbili zilizokuwa zimegawana kazi, RAHCO iliyoshika njia na TRL iliyoshika treni. TRC haijipangii nauli ikipenda. LATRA inatoa leseni, inaidhinisha nauli, inaweka viwango vya usalama, na inasikiliza malalamiko. Mtu asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini, ambalo kazi yake ni kumsemea abiria wakati nauli inajadiliwa. Abiria wengi hawajui kama lipo, na hilo ni kosa la baraza, si la abiria.

Juu ya hao yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayeyakagua mashirika ya umma kila mwaka na ripoti yake ikafika Bungeni. Ripoti hizo ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mbunge wa jimbo lako huko Pemba anakaa katika Bunge hilo hilo, na hakuna kinachomzuia kuulizia treni.

Basi, serikali inajisimamia vipi? Kwa kujigawa. Mkono unaoendesha uwe mbali na jicho linalotazama. Ila umeuliza suala la mtu mwenye akili na sitakudanganya: huko kujigawa kuna mpaka. TRC na LATRA wote wako chini ya Wizara ya Uchukuzi. Waziri anayesifiwa treni zikiwa nyingi ndiye huyo huyo ambaye msimamizi wake anatakiwa, siku ikibidi, aizuie treni isitoke. Ni watoto wawili wa baba mmoja. Watoto wa baba mmoja wanaweza kuambiana ukweli, nimewaona, lakini baba akiwa ana haraka mmoja wao hunyamaza. Mimi ningependa msimamizi wa usalama wa reli awe mbali zaidi kidogo na wizara. Ningependa zaidi anayechunguza ajali asiwe anayeendesha wala anayetoa leseni, kwa sababu pengine kosa ni la leseni yenyewe.

Waingereza walilifahamu hili kwa machungu. Oktoba 1999 treni mbili ziligongana Ladbroke Grove, magharibi ya London, baada ya dereva kuipita taa nyekundu. Walikufa watu 31. Taa ile ilikuwa na sifa mbaya ya kupitwa tokea zamani. Watu wa reli walijua, karatasi zilikuwepo, kila mmoja akidhani ni kazi ya mwenziwe. Baada ya uchunguzi, 2005 wakaanzisha tawi la kuchunguza ajali za reli peke yake, ambalo halimshitaki mtu wala halitafuti wa kumlaumu. Linatafuta sababu na kuitangaza.

Hapo ndipo ninapokutana na mjomba wako, maana Uingereza ndiyo nchi ambayo watu wa rai yake huitolea mfano. Kwa sheria ya 1993 waliigawa reli yao vipande vipande: njia ikapewa kampuni ya Railtrack, ambayo hisa zake ziliuzwa sokoni 1996, na treni za abiria zikapewa makampuni kwa mikataba ya miaka kadhaa. Tarehe 17 Oktoba 2000 reli ilivunjika chini ya treni iliyokuwa mbioni hapo Hatfield. Walikufa wanne. Si wengi ukilinganisha na Igandu, lakini ile reli ilikuwa na nyufa ambazo zilikwishajulikana. Kampuni ikaingiwa na hofu, haikujua nyufa kama zile ziko wapi pengine katika nchi nzima, ikapunguza mwendo wa treni kila mahali. Mwaka uliofuata Railtrack ikaanguka, na 2002 njia ikahamia kwa Network Rail, chombo kisichogawa faida kwa wenye hisa. Treni zenyewe nyingi zilibaki kwa makampuni, mpaka sheria ya Novemba 2024 ilipoamua kila mkataba ukimalizika treni zirudi kwa serikali. South Western Railway ikawa ya kwanza kurudishwa kwa sheria hiyo, Mei 2025.

Jirani yako asishangilie mapema. Waingereza hawakurudi kule kule walikotoka. Wamerudi na msimamizi wa usalama aliye nje, na mchunguzi wa ajali aliye nje, na utaratibu wa kumrudishia abiria sehemu ya nauli treni ikichelewa. Huyo mchunguzi wa ajali alizaliwa katika miaka ya makampuni. Umoja wa Ulaya nao una kanuni yake: treni ikichelewa dakika 60 mpaka 119 abiria hurudishiwa angalau robo ya nauli, na ikifika dakika 120 nusu. Nauli inayorudi mfukoni mwa abiria ni msimamizi asiyelala. Hahitaji gari wala posho.

Na sisi huku tulishajaribu dawa ya mjomba. Oktoba 2007 reli ya kati ilikabidhiwa TRL, kampuni ambayo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 na serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Haikufika hata mitano. Wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara, vichwa vilikuwa vichache, na mwisho wa 2009 mafuriko yakaizoa njia baina ya Kilosa na Gulwe. Ukataka kujua nani ajenge tena tuta lililokwenda na maji, mwenye njia au mwenye treni, ungepata jibu tofauti kila ofisi. Wenzetu wa Kenya na Uganda waliingia mkataba kama huo 2006 na Rift Valley Railways, nao miaka 25, ukavunjwa 2017. Mikataba miwili, jirani kwa jirani, imekufa kifo cha aina moja: reli kuukuu, fedha za kuitengeneza hazikuja, na malori yakawa yanachukua mzigo barabarani.

Mimi somo ninalolichukua hapo si kwamba tajiri hafai. Serikali ilidhani ukishamkabidhi mtu reli, umemkabidhi na jukumu. Kumbe mkataba unaongeza kazi ya kusimamia, haupunguzi. Inabidi ujue treni ngapi zimeondoka, ngapi zimefika, kwa saa ngapi, vichwa vingapi vizima, mataruma mangapi yamebadilishwa mwezi huu, na ujue mwenyewe kwa hesabu yako, si kwa kuletewa na unayemsimamia. Serikali isiyoweza kuendesha treni vizuri haiwi hodari ghafla wa kumsimamia anayeziendesha.

Pana jambo jengine ambalo barazani huwa halisemwi, nalo ni nani anaubeba mzigo usiolipa. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianzishwa treni ya mjini, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Ulizia watu wa Ubungo walivyokuwa wakining'inia milangoni asubuhi. Treni ya namna hiyo, kwa nauli ya mtu wa kipato cha chini, ni nadra kujilipa popote duniani. Za Tokyo zinajilipa, lakini makampuni ya kule yana maduka na nyumba za kupangisha juu ya stesheni zao. Serikali ikitaka treni hiyo iende, na iende, basi iandike kwenye mkataba: nakulipa kiasi kadhaa, unanipa safari kadhaa kwa siku, kwa usafi huu, kwa saa hizi. Fedha ikipitia mlango wa nyuma, shirika likipata hasara haijulikani kama ni ya huruma au ya uzembe, na mkaguzi wa hesabu anabaki anapapasa gizani. Ni kama duka la mtaani ambalo mwenyewe anakopesha jamaa bila ya kuandika. Mwisho wa mwezi hajui kama biashara mbaya au shemeji.

Nikuonye na kitu kimoja, maana naona siku hizi kila mtu anataka treni zihukumiwe kwa saa tu. Japani iligawa shirika lake la reli 1 Aprili 1987 kuwa makampuni sita ya abiria na moja la mizigo, baada ya shirika kuzama katika deni la kutisha la yen trilioni 37 hivi. Yale makampuni ya sehemu zenye watu wengi yamestawi, ya Hokkaido na Shikoku yanahemea mpaka leo. Kwa kuwahi saa hakuna anayewafikia. Lakini 25 Aprili 2005 huko Amagasaki, dereva kijana wa JR West, mojawapo ya makampuni hayo, alikuwa amechelewa kiasi cha sekunde 90. Kampuni yake ilikuwa na mtindo wa kuwaadhibu na kuwadhalilisha madereva wanaochelewa, kwa jina la mafunzo. Akaiingiza treni kwenye kona ya kilomita 70 kwa saa kwa mwendo wa kilomita 116. Ikaacha njia, ikajibamiza kwenye jengo la makazi. Walikufa 107, yeye akiwa mmoja wao. Kampuni ilikuwa ya binafsi, yenye faida, yenye sifa. Kwa hiyo ukimsikia kiongozi anasema dereva atakayechelewa atanitambua, usipige makofi upesi. Fidia ilipwe na shirika, isikatwe kwenye mshahara wa dereva.

Haya, Bububu, nilijua utaiuliza.

Kwanza kabla ya Bububu kulikuwa na Chukwani. Sayyid Barghash alijenga reli yake 1879 kutoka mjini mpaka kwenye kasri lake la Chukwani, maili saba hivi. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadae, 1881, akaagiza kichwa cha moshi kutoka Uingereza. Mwenye treni ni yeye, abiria ni yeye, msimamizi ni yeye. Alipofariki 1888 treni ikafa naye, ikaishia kuwa chuma chakavu.

Ya Bububu ilikuwa ya kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, na ilianza 1905. Nayo maili saba, ikianzia Ngome Kongwe, ikipenya mitaa ya mji iliyobana mpaka mtu akinyoosha mkono dirishani anagusa ukuta wa nyumba, kisha ikatoka kuelekea mashamba. Watu wa shamba waliipanda kwa wingi, na wageni wa meli waliwekewa behewa lao maalumu. Serikali ikainunua 1911. Usafiri wa abiria ukasimamishwa 1922, na treni ikabaki kubeba mawe ya kujazia bandari mpya ya Malindi, kisha ikaondoka kabisa.

Wako watakaokwambia jina la Bububu limetokana na mlio wa treni. Waambie Sayyida Salme, binti wa mfalme, aliishi Bububu kabla hajaondoka Unguja 1866, na treni haikuwepo hata katika ndoto.

Nani aliiua? Magari na barabara nzuri. Gari lilimchukua mtu mlangoni kwake na kumshusha sokoni, treni ilimtaka aifuate yenyewe. Mjomba atasema: unaona, serikali iliinunua ikaiua. Jirani atasema: unaona, tajiri aliikimbia akaiacha serikalini. Wote wana nusu ya haki, ila treni ya maili saba katika kisiwa chenye barabara inataka sababu nzuri sana ya kuishi, awe mwenyewe nani.

Hilo linanifikisha kwenye kitu ambacho hukuuliza lakini kinakuhusu. Reli si jambo la Muungano. Ukisoma orodha iliyoambatanishwa na Katiba ya Jamhuri ya Muungano utaona bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Reli na barabara hazimo. Maana yake LATRA haina sauti Unguja wala Pemba, na siku ambayo mtu ataleta treni hapa, ya umeme au ya mjini au ya nini, msimamizi wake atatoka kwenye sheria ya Baraza la Wawakilishi, na sheria hiyo lazima iandikwe. Nimeshaulizwa mara nyingi kama Zanzibar inafaa kuwa na treni. Jibu langu ni kwamba baina ya Mjini na kaskazini watu wapo wa kutosha kuifikiria, na kwamba ningetaka kuiona sheria ya msimamizi kabla sijaona picha ya kichwa cha treni. Sheria ikija baada ya mkataba kutiwa saini, msimamizi anakuta kila kitu kimeshakubaliwa, anabaki kupiga mihuri.

Kwa safari yako nyengine ya bara, tiketi usiitupe ukishafika. Ukiwa na lalamiko, mpe kwanza TRC kwa maandishi na ushike nakala, wasipokujibu nenda LATRA na nakala hiyo. Lalamiko lisilo na namba ya tiketi na tarehe huishia kuwa hadithi.

Na mjukuu. Nauli za treni ya umeme zilipotangazwa na LATRA 2024, daraja la kawaida kwa treni ya kawaida lilikuwa shilingi 69.51 kwa kilomita, ndiyo ikaja Dar es Salaam mpaka Dodoma, kilomita 444, shilingi 31,000. Watoto wa miaka minne mpaka kumi na mbili ni nusu. Walio chini ya miaka minne ni bure. Wako wa mitatu na nusu, kwa hiyo hujavunja kitu. Ila kama mtarudi Dodoma baada ya miezi sita, chukua cheti chake cha kuzaliwa na shilingi 15,500.